Naomba ushauri: mungu wa Aristotle anasababishaje?

Habari wakuu. Nimekwama kitabu cha 12 cha Metafizikia, kazi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Anasema mungu, yaani msogezaji wa kwanza wa vitu vyote, hasogei, ila anaisogeza mbingu kama mpendwa anavyomvuta anayempenda. Hasukumi, anatamaniwa tu. Sawa. Lakini huyu anajiwaza mwenyewe milele, kana kwamba sisi hatupo! Yule mungu-fundi wa Plato (mwalimu wa Aristotle) kwenye kitabu cha Timaeus angalau anashika kazi: anaikuta vurugu, anaipanga akitazama vielelezo vya milele. Sasa kutamaniwa ni kusababisha kweli, au ni kuwa lengo tu? Na yale matufe 55 ya mbinguni ambayo Aristotle anasema yanazungusha sayari, kila moja na msogezaji wake, hayampunguzii wa kwanza hadhi? Aliyepita huku anielekeze nianze na mwandishi gani. Kigiriki sijui, Kiingereza najikongoja.