TV iliyomfanyia mjomba wangu pranki ya "mwizi" hapa Busia, mlitaka auawe ndiyo mcheke?

Wandugu naandika na hasira kwa hiyo msianze kunisahihisha Kiswahili, sisi wa Busia ndivyo tunavyoongea.

Mjomba ni wa bodaboda, steji yake si mbali na mpaka. Mwezi jana kijana kapanda pikipiki yake na begi, kufika sokoni kwenye watu wengi abiria karuka chini begi kaliacha, mara dada mmoja anapiga kelele mwizi mwizi kachukua begi langu! Sasa nyie mlioko Uganda hii mnajua hilo neno linaleta nini, hapa hakuna anayengoja polisi. Jiwe la kwanza likampata begani, pikipiki chini, saidi mira imevunjika, ndipo wale wajinga wanatoka nyuma ya duka wanacheka eti "mzee ni kamera, ni kamera!" Wakampa elfu kumi na tisheti. Tisheti banange!!

Hakuna aliyemuuliza kama anakubali kuonyeshwa. Jumapili tunakula tukamwona kwenye TV uso wazi kabisa, na pale anapowaomba watu wasimpige ndipo wamebandika vile vicheko vya kurekodi. Wamerudia mara tatu. Steji nzima sasa wanamwita Mwizi, na mama mmoja aliyekuwa anampa watoto awapeleke shule kaacha.

Msiniambie sijui utani. Pranki za kamera za Just for Laughs Gags, za kule Montreal Kanada, tumekua nazo, hazina maneno, hata bibi yangu asiyejua Kiingereza alikuwa anacheka mpaka machozi. Lakini wale mwishoni wanamwonyesha mtu kamera ilipo na wanacheka naye. Hata Allen Funt wa Candid Camera, Marekani, huyo alianzia redioni 1947 akaingia TV 1948, watu wake walikuwa wanakufuata na karatasi usaini, ukikataa huonyeshwi. Hawa wetu karatasi hawaijui, wanajua kuficha kamera tu.

Na kama mmeishiwa vichekesho si mjicheke wenyewe? ITV ya Uingereza tangu 1977 walikuwa na It'll Be Alright on the Night, ni waigizaji na watangazaji wanakosea maneno, wanaanguka, hakuna anayerushiwa jiwe. Huyo msoma habari wenu anavyopigana na majina ya Karamoja kila usiku, mnazo video za mwaka mzima hapo hapo studio.

Nimewapigia simu mara nne. Wa mapokezi ananijibu "lakini mzee mwishoni alicheka." Alicheka kwa sababu ameona bado anapumua!

Aliyewahi kupeleka malalamiko UCC, ile tume inayosimamia TV na redio hapa Uganda, aniambie wanataka nini, barua inatosha ama ni lazima nifike Kampala? Na kama kuna mtu alikirekodi kile kipindi anitumie tafadhali, mimi nilikuwa na ugali mkononi.