Kisima chetu Mtongwe kinazidi chumvi, tutajuaje kama ni bahari?

Kijana wa Mtongwe
Assalam alaikum wadau. Kisima cha mtaa wetu huku Mtongwe, Mombasa, watu walikuwa wanapikia, sasa hata chai ukitia sukari chumvi unaisikia. Huyu yuasema bahari imepanda, yule yuasema ni mapampu ya majumba mapya. Vijana tumechanga tukanunua kimashine cha kupima chumvi lakini kupima siku moja najua si kitu, tupimeje ndo tuwe na neno la kusema?

Fundi visima
Waalaikum salaam. Mwamba wetu huku ni wa matumbawe, una matundu, maji ya mvua yanaelea juu ya maji chumvi kwa sababu ni mepesi, sasa ukivuta sana kwa pampu yale ya chini yanapanda hata bahari isiposogea. Kwa hiyo musikimbilie kusema tabianchi. Mupime kila wiki siku ileile, alfajiri kabla watu hawajateka, na kina cha maji mukipime kwa kamba yenye jiwe, muandike mvua ilinyesha ama la, ni bamvua (bahari yajaa na kupwa sana) ama maji mafu (yajaa na kupwa kidogo). Halafu mutafute kisima cha pili kisicho na pampu karibu, mukipime pamoja. Hicho cha pili ndo kitawaambia ukweli: chenu kikizidi chumvi na hicho kibaki vilevile, shukuni pampu kwanza.

Mvuvi mstaafu
Fundi kasema kweli. Bahari yenyewe hamutaiona kwa macho wanangu, bamvua hapa tofauti ya maji kujaa na kupwa ni karibu mita 4, na bahari duniani ilikuwa inapanda kama milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018, nani ataiona hiyo? Ndo maana bandarini kukawekwa kipimo kinachoandika miaka na miaka. Na dalili moja haitoshi. Mikoko ya hori ya Mwache, hapa kwetu Mombasa, ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, mtu angesema bahari imeimeza, kumbe ni udongo wa bara ulioshuka na mafuriko ukaifukia mizizi. Mwaka huohuo wa 1998 matumbawe yakageuka meupe, hayo sasa yalikuwa joto la maji. Niliyaona mwenyewe, yaliniuma sana.

Mama Likoni
Mimi naomba mukubaliane mapema, nambari ikifika wapi mutafanya nini. Maji yakipita miligramu 1000 za chumvichumvi zilizoyeyuka kwa lita wengi mdomo unayakataa, basi kabla hayajafika hapo mupunguze saa za pampu na muweke matangi ya kukinga mvua ya masika, musingoje mpaka watoto waanze kununua mitungi.

Kijana wa Mtongwe
Shukran sana wazee wetu. Tumeanza Jumapili, kisima cha pili tumekipata msikitini, hakina pampu. Daftari akae nalo nani sasa? Sisi vijana leo tuko kesho hatuko.

Mama Likoni
Mpeni yule anayefungua kisima asubuhi. Kila siku yuko pale.