Tupeane uzoefu: Uliambiwa kabila lenu linakula nini, na aliyekuambia alilitoa wapi?

Mwana Kamalondo
Ndugu zangu, nimesukumwa kuandika na jambo lililonikuta jana katika soko la Kenya (la komini yetu ya hapa Lubumbashi, Kongo, si la nchi ile nyingine). Nilikuwa nimeinama juu ya beseni la finkubala, yaani viwavi vya kuliwa, nikichagua vile vyeusi vilivyokauka vizuri, ndipo mama muuzaji aliponisikia nikizungumza Tshiluba kwa simu na dada yangu aliyeko Mwene-Ditu, kwetu Kasai. Akamgusa mwenzake bega, akasema: "Kumbe ni Mukasai! Baba, hivi si vyenu, nyama yenu inabweka." Nililipa, nikacheka kwa adabu, nikaondoka, lakini njia nzima nilijiuliza ni nani aliyeyagawia makabila vyakula, na lini.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na kampuni ya madini ya Union Minière ikaajiri watu kutoka Kasai, Rwanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, ikawapanga kambini na kuwapimia posho ya unga wa mahindi, maharage, nyama na chumvi. Watu wasioelewana lugha wakawa wanakula kutoka gunia moja. Mimi nadhani hapo ndipo tulipoanza kuchunguliana vyungu, kwa kuwa bukari (ugali) ulikuwa ule ule na kila mtu alitaka ionekane kwamba yeye si sawa na jirani yake. Tupeane uzoefu.

Mama wa Katuba
Baba, umenikumbusha jambo ambalo sijapata kulisimulia hata kwa watoto wangu. Nilikuwa darasa la nne. Jirani yetu alikuwa na mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililokatika, na jioni moja mbwa huyo hakuonekana. Kwa bahati mbaya, siku hiyo hiyo mjomba alikuwa amefika kutoka Kananga, na mama alikuwa ameinjika nyama, harufu imejaa uwanja mzima. Kabla jua halijazama watu wapatao kumi walisimama mlangoni petu. Hakuna aliyetukana. Walisema tu, kwa sauti za upole kabisa, kwamba wanaomba kuona kilicho chunguni.

Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Alifunua chungu, akachukua mwiko, akauzungusha taratibu, akainua mguu wa mbuzi ambao ulikuwa bado na kwato, akaushika hivyo mbele ya macho ya kila mmoja wao, mchuzi ukimdondokea mkononi. Jirani akauliza kama kichwa kipo. Akaleta kichwa. Wakauliza ngozi. Akaleta ngozi. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni wakati huo wote, na hakula usiku ule.

Siku ya tatu mbwa alirudi mwenyewe, ana kipande cha kamba shingoni. Jirani hakuomba radhi, bali alimtuma mwanawe na sahani ya kikanda (chakula cha mizizi ya okidi na karanga), imekatwa vipande vizuri, ina pilipili kama mama alivyopenda. Tulikula chote. Kisha mama akaiosha sahani na kuirudisha tupu, na anayejua desturi za mtaani ataelewa alichokisema.

Fundi wa Ruashi
Sahani tupu! Huyo mama nimempenda. Na sisi tumewahi kufunuliwa chungu.

Shemeji wa Kalemie
Pamoja na heshima zote, ndugu wa Kasai msijifanye wanyonge peke yenu. Shuleni ni ninyi mliokuwa mkituambia kwamba sisi wa Katanga tunakula viwavi kwa sababu ya uvivu wa kufuga, na kwamba bukari wetu mweupe hauna nguvu kwa kuwa hatuuchanganyi na unga wa muhogo kama kwenu. Nilipigana kwa sababu ya muhogo. Nina kovu.

Mwalimu Mstaafu
Basi mlipigania kitu ambacho si cha yeyote kati yenu. Mahindi na muhogo vyote vililetwa kutoka Amerika na Wareno, kuanzia karne ya 16, kwa hiyo bukari mnaouita wa mababu ni mgeni aliyekaa muda mrefu. Kuhusu finkubala, huo uvivu ni wa nani? Viwavi hivyo vinapatikana katika misitu ya miombo mvua zinapoanza, na misitu hiyo inaendelea hadi ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ndiyo maana Wabemba wa pande zote mbili wanatumia jina moja. Kuvichuma ni kazi: mtu anaamka alfajiri, anatembea mbali, anavikamua matumbo kimoja kimoja, anavichemsha na kuvianika. Na Kasai pia viwavi vinaliwa. Utani huu mara nyingi unaanzia kwenye mti ulioota karibu na kijiji cha mtu, kisha unageuzwa kuwa habari za tabia yake.

Dada wa Bukavu
Mwalimu amesema kweli, ila mti hautoshi, maana vyakula vingine havikuota popote. Mimi nimeolewa Lubumbashi lakini nimekulia Bukavu, na huko tuliambiwa kwamba Wanyarwanda wanashiba maziwa na kuwakimbia samaki, nao Warega wanakula kila kinachotembea msituni. Upande wangu mimi, watu wa kisiwani Idjwi, ulikuwa na jina la "wala sambaza", na nyanya yangu alilibeba kwa fahari, akisema tumezaliwa na sambaza mdomoni. Nimekuja kujua ukubwani kwamba samaki hao waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Nyanya alikuwa tayari mama wa watoto wawili! Jina la kale kabisa la ukoo wetu lina umri mdogo kuliko baba yangu.

Mtu wa Likasi
Nimesoma yote haya nikitabasamu, mpaka nilipofika kwenye neno viwavi.

Mwaka 1993 nilikuwa na umri wa miaka 11. Baba alizaliwa Likasi, alifanya kazi Likasi, na Kasai alikuwa amefika mara mbili tu, zote kwa ajili ya matanga. Mwaka uliotangulia ndipo sisi wenye asili ya Kasai tulipoanza kuitwa *bilulu*. Ninyi mnaelewa, ila kwa wasomaji wa mbali niseme kwamba maana yake ni wadudu. Lilianza kama utani wa sokoni, kama huo wa nyama inayobweka, kisha likawa linapigiwa kelele barabarani, kisha tukatolewa nyumbani. Tulilala kando ya stesheni ya reli pamoja na maelfu ya wenzetu, tukingojea treni ya kwenda nchi ambayo sisi watoto hatukuijua.

Usiku mmoja akaja mama mmoja Mubemba, jirani yetu wa zamani, amejifunika kitenge mpaka kichwani ili asitambulike. Ndani ya kitambaa alikuwa na bukari wa moto na finkubala vilivyokaangwa kwa nyanya na vitunguu. Aliketi nasi gizani mpaka tukamaliza, akachukua chombo chake akaenda. Baba akasema: "Bilulu wamekula bilulu." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka mahali pale. Mdogo wetu wa mwisho hakufika Mwene-Ditu.

Nilirudi baada ya miaka mingi. Mama yule sikumkuta.

Fundi wa Ruashi
Pole sana, ndugu.

Baba Mapacha
Pole, kweli. Lakini naomba tusiingize siasa za miaka ile, mada ilikuwa chakula.

Mama wa Katuba
Baba Mapacha, hajaingiza kitu. Watu waliosimama mlangoni petu nao walikuja kwa habari za chakula.

Baba Mapacha
Sijasema aache. Nasema nina marehemu wangu pia, wa upande wa pili, na sitaki kuwahesabu hapa.

Shemeji wa Kalemie
Ninaondoa maneno yangu kuhusu kutojifanya wanyonge. Kovu linabaki.

Mtoro wa Lille
Mimi nitoe la kupunguza uzito. Hapa Ufaransa niligundua kwamba Wabelgiji, wale wale waliowapimia babu zetu posho kambini, wanataniwa na jirani zao kuwa ni wala viazi vya kukaanga. Nilicheka peke yangu ndani ya basi. Binti wa dada yangu aliyeko Marekani hacheki, kwa sababu hathubutu kula tikiti maji mbele ya wenzake kazini. Huko, baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, Weusi wengi walilima na kuuza matikiti na kujipatia fedha zao wenyewe, na Wazungu waliochukizwa na uhuru huo wakaligeuza tunda kuwa kichekesho cha uvivu na ulafi, wakalichora kwenye kadi za posta na matangazo.

Mwana Kamalondo
Nimesoma kila neno. Sasa niambieni, Jumamosi narudi sokoni: nimjibu nini yule mama?

Fundi wa Ruashi
Usimjibu. Nunua kwa mwingine.

Dada wa Bukavu
Hapana, nunua kwake kila wiki mpaka akuzoee na kukupa matabishi, ile nyongeza ya bure.

Mwalimu Mstaafu
Muulize kwao ni wapi. Hapa mjini, ukipanda vizazi viwili, kila mtu ana bibi asiyemtaja.

Baba Mapacha
Mimi nikiulizwa kama tunakula mbwa, hujibu kwamba leo wamekwisha, warudi wiki ijayo.

Shemeji wa Kalemie
Samahani, Mama wa Katuba, tangu asubuhi nashindwa kufanya kazi: yule mbwa alikuwa wapi siku zile zote?

Mama wa Katuba
Hatukuwahi kujua. Alirudi amenenepa.