Tupeane uzoefu: Sisi tuliobaki Kusini, tumebaki tukifanya nini?

Mwanzisha mada, Mtwara

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, nawasalimu. Watu wetu ni wasafiri wa siku nyingi. Hata neno machinga, ambalo leo nchi nzima hulitumia kwa mchuuzi wa mitaani, ni jina la kabila la Lindi ambalo vijana wake walikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Siku hizi safari zimerefuka. Miongoni mwa niliosoma nao kidato cha nne wapo walioko Afrika Kusini, wapo Oman na Dubai, na wapo wanaosubiri viza. Siandiki kuwalaumu. Naandika kwa sababu habari za walioondoka tunazisikia kila sikukuu wanapopiga simu, lakini za waliobaki wakashika jambo na kulitengeneza hazisimuliwi, kana kwamba kila aliyebaki ni mtu aliyekosa nauli.

Naanza na yangu. Nilimaliza shahada ya biashara mwaka 2019, nikakaa miaka miwili bila kazi. Mjomba, ambaye kwetu Wamakonde ndiye mwenye kauli juu ya mali ya ukoo, aliniita akaniambia yuko tayari kuuza ekari mbili za mikorosho ili nipate nauli ya kwenda Afrika Kusini. Usiku ule sikulala, maana mikorosho ileile ndiyo iliyonilipia ada tangu sekondari. Asubuhi nikamwomba asiiuze, bali anikabidhi niihudumie: palizi, kupogoa, na kupuliza salfa kabla ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga haujachoma maua.

Nilipopeleka mzigo wa kwanza ghalani, ndipo nilipoiona kazi yangu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka korosho ghalani, akapewa stakabadhi, kisha zikauzwa kwa mnada, umekuwapo mkoani kwetu tangu msimu wa 2007/2008, lakini wazee waliokuwa mbele yangu walisikia bei ya mnada ikitangazwa redioni, kisha wakapata benki fedha pungufu ya bei ile, na hakuna aliyeweza kuwaeleza kila kato ni la nini. Nikaanza kukaa nao chini ya mwembe, watu watatu, kisha kumi, tukiandika bei ya mnada na kutoa makato moja baada ya jingine hadi tufikie shilingi inayomfikia mkulima. Mwaka wa pili wakanichagua kuingia bodi ya chama cha msingi cha ushirika, na sasa mchanganuo wa kila mnada hubandikwa ukutani kabla fedha hazijalipwa. Mara mbili wanachama wamegundua kosa la hesabu wao wenyewe, nalo likasahihishwa.

Kilichonishinda ni kangomba, yaani biashara ya walanguzi wanaonunua korosho kwa mkulima nje ya mnada. Mtu mwenye mgonjwa mwezi Agosti hawezi kusubiri mnada wa Oktoba, kwa hiyo huuza korosho zikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kuhuzunisha. Ubao wa ukutani haumsaidii huyo.

Naomba atakayechangia aseme ni nini kilitaka kumwondoa, alishika kazi gani, na ni wapi amekwama.

Mchangiaji kutoka Newala

Ahsante, kaka. Mimi nilipata wakala wa kunipeleka Uarabuni kufanya kazi za ndani, na pasi ya kusafiria nilikuwa nimeshaichukua. Mama yangu mkubwa, ambaye amebangua korosho tangu ujana wake, aliniuliza swali moja tu: kwa nini korosho zetu nyingi zinapanda meli zikiwa na maganda, wakati mikono ya kuzibangua ipo hapa imekaa? Sikuwa na jibu, na pasi ile ikabaki sandukuni.

Tupo wanawake kumi na wawili. Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaizungumzia bila kuijua. Korosho ghafi huchemshwa kwa mvuke ili ganda lilegee, zikaanikwa zipoe, kisha hukatwa moja moja kwa mashine ya mkono na mguu. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, hivyo asiyejipaka mafuta ya kupikia au kuvaa glavu hupata vidonda vya wiki nzima. Baada ya hapo hukaushwa katika oveni, ngozi ya ndani ikamenywa, na mwisho huchambuliwa, kwa kuwa nzima na vipande havina bei moja. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja iliyo tayari kuliwa. Binti anayevunja vipande vingi anakula faida ya wenzake, ndiyo maana kila mgeni tunamfundisha miezi miwili kabla hatujampa mashine.

Tulipokwama ni mtaji. Korosho hununuliwa kwa miezi michache, ilhali kubangua ni kazi ya mwaka mzima, kwa hiyo fedha yote lazima iwepo kati ya Oktoba na Desemba. Tuliandaa maombi ya mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mwaka 2023 mikopo hiyo ikasitishwa nchi nzima tukiwa katika foleni. Msimu ule tulibangua miezi minne tu, na wenzetu wawili wakaondoka. Mmoja yuko Muscat. Ananiandikia kuuliza kama nafasi yake bado ipo, nami nimemjibu kwamba ipo.

Mchangiaji kutoka Kilwa

Mimi ni muuguzi mkunga wa zahanati. Wenzangu watatu wa chuo wako nje ya nchi, na mshahara wao ninaujua. Nami nilikwishaanza kujifunza Kiingereza cha mtihani wao.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam kukatika maeneo ya Somanga, nilikuwa na mama mwenye mimba ya nne ambaye vipimo vilionyesha anahitaji hospitali. Njia zetu za ndani zilikuwa zimejaa maji pia. Alijifungua salama, lakini saa zile kumi na moja sitazisahau. Tangu hapo nina daftari la kila mjamzito na wiki anayotarajiwa, na masika yanapokaribia nakwenda nyumbani kwao kuzungumza na mume na mama mkwe, ili aliye katika hatari ahamie mapema kwa ndugu anayeishi karibu na hospitali. Asiye na ndugu huko tunamtafutia mwenyeji. Ni daftari la shilingi elfu mbili. Nilichokosa ni mwenzangu wa zamu. Nikiugua, daftari linalala.

Mchangiaji kutoka Masasi

Naomba nami nisikilizwe, ingawa mimi niliondoka. Nilivuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, nikapita Msumbiji hadi Afrika Kusini, nikakaa miaka sita. Huko ndiko nilikojifunza kuchomelea na kutengeneza injini ndogo. Leo natengeneza mashine za kupulizia mikorosho hapa Masasi, nina vijana wanne, na mkulima hasubiri tena wiki mbili kipuri kitoke Dar es Salaam wakati maua yake yanaungua. Kama nisingeondoka nisingekuwa na ufundi huu wala fedha ya kununulia mashine ya kuchomelea. Msiwagawe watu kwa kuangalia walipo.

Mchangiaji kutoka Lindi

Nimesoma yote. Nina umri wa miaka 24 na cheti cha ufundi umeme. Nilikuwa mtoto wakati watu wa Mtwara walipoandamana mwaka 2013 kupinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na nyumbani tuliambiwa tusome ufundi kwa sababu kazi zinakuja. Nimesoma. Tiketi yangu ya Oman ni ya mwezi ujao. Sioni aibu, ila ningependa mtu aniambie kazi, asiniambie uzalendo.

Mwanzisha mada, Mtwara

Mdogo wangu, una haki. Kazi ninayoijua ni hii: oveni ya dada wa Newala hutumia umeme, na fundi Masasi hutengeneza injini lakini hajasema kama ana mtu wa mota za umeme. Mimi sina mshahara wa kukuahidi, na sitakuomba uirudishe tiketi. Ninachokuomba ni siku mbili kabla ya safari, ufike Newala uitazame ile oveni pamoja na mashine zao, nauli nitalipa mimi. Dada wa Newala, je, Jumatano mnabangua?

Mchangiaji kutoka Newala

Tunabangua. Oveni yetu ina tatizo la kukata joto katikati ya kazi tangu wiki iliyopita. Aje na kipimo chake cha umeme.