Fundo la Blake linakaba mno kwenye kamba ya mstari mmoja

Msumeno wa Mafinga
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kupanda na kupunguza miti, yaani milingoti (mikaratusi) iliyoegemea nyumba za watu, na paina mojamoja. Siku zote napitisha kamba ya milimita 12 juu ya tawi nene, ncha moja naifunga kwenye mkanda wa kupandia, upande wa pili naweka fundo la Blake, lile linaloshika kamba likibeba uzito na kuteleza ukilisukuma. Halina shida. Wiki hii nimeanza kuifunga kamba juu kabisa na kupanda mstari mmoja, maana ni haraka. Fundo ni lilelile. Kupanda linakwenda, kushuka ndiyo kasheshe: linakaba mpaka nilisukume kwa mikono miwili, kisha linaachia ghafla. Nipunguze mizunguko au nibadili fundo?

Mvua ya Tukuyu
Punguza mmoja mkuu, mizunguko 3 inatosha. Mimi natumia manila ya dukani na maisha yanaenda.

Vilele, Njombe
Mvua ya Tukuyu, hapo hapana kabisa.

Mwenye swali, fundo lako ni zima, mzigo ndio umebadilika. Kamba ikipita juu ya tawi na kurudi kwako, uzito unagawanyika pande mbili, fundo linabeba kama nusu. Kwenye mstari mmoja linabeba mwili wote, na msumeno, na buti za tope. Ukipunguza mzunguko utapata fundo la kuteleza siku usiyotaka. Kinachohitajika ni kifaa kinachokaa juu ya fundo (rope wrench), kinachoikunja kamba kidogo ili nacho kibebe sehemu ya mzigo. Huna? Rudi kwenye mtindo wako wa zamani.

Ukitaka fundo linalorekebishika, jifunze Valdôtain, linalofungwa kwa kijikamba cha pembeni kwenye kamba kuu: mizunguko juu, misuko chini, ncha zote mbili kwenye karabina (pete ya chuma yenye mlango). Anza na mizunguko 4 na misuko 3. Likiteleza ongeza mzunguko, likikaba punguza. Kijikamba chake kiwe chembamba kuliko kamba kuu, milimita 8 au 9 kwa hiyo 12 yako, tena cha nyuzi za aramidi, maana hizo haziyeyuki. Manila ya plastiki huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na fundo likisuguliwa kwa kushuka kasi joto linapanda kuliko watu wanavyodhani. Ukiona sehemu ya kamba inang'aa na imekuwa ngumu kama kucha, imeshaungua. Usiipande tena.

Kamba mpya, mvua, ulimbo wa paina: kila kimoja kinabadili ushikaji. Ning'inia kwanza miguu ikiwa karibu na ardhi, jirushe kidogo, ndipo upande. Na ukianza kuteleza, mkono utakimbilia fundo. Usilishike! Mkono ukilivuta fundo chini ndio unaolizuia kukaba.

Msumeno wa Mafinga
Asante sana mkuu, hilo la mkono sikuwahi kuambiwa. Hicho kifaa Mbeya mjini kipo?

Vilele, Njombe
Sijakiona madukani, wengi tunaagiza nje. Kikifika, soma kimeandikiwa kamba za unene gani kabla hujakifunga. Na ukiwasha msumeno huko juu, zungushia shina kamba ya pili iliyofungwa kwenye mkanda wako, maana msumeno haujui ipi ni tawi na ipi ni kamba.