Alilamba kidole akafuta lenzi yangu! Huyu mtaalamu wenu wa droni mnamvumilia vipi?

MletaMoto:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa msinisahihishe.

Simtaji mtu. Wote mnamjua. Yule ambaye kila tatizo duniani dawa yake ni moja: "kalibreti dira," yaani izungushe droni ili dira yake ijipange upya. Betri imevimba? Kalibreti dira. Simu imeisha chaji? Kalibreti dira. Naamini hata akiumwa jino anajizungusha mzima mzima uani, kisha anainamisha kichwa chini na kujizungusha tena.

Leo uwanjani, mbele ya watu kibao, nilimpelekea droni yangu kwa adabu zote. Shikamoo nimetoa. Nikaeleza: video zina mawimbi mawimbi, upeo wa macho umelala upande, picha kwenye simu inaganda, na droni nikiiacha hewani inajiendea kushoto bila kutumwa. Akaguna. Nikajua sasa atauliza swali. Labda ataomba kuona video.

AKALAMBA KIDOLE GUMBA. Akakipeleka kwenye lenzi. Akafuta.

Narudia kwa waliochelewa kuingia: lenzi ndogo kuliko ukucha, gumba la mtu mzima, mate. Tena alifuta taratibu, akazungusha, akarudia pembeni palipobaki.

Halafu, gumba bado limelowa, akaikamata gimbali, kile kimkono chenye mota kinachoshika kamera isiyumbe, na kuisokota eti asikie kama imeingia mchanga. Droni IMEWASHWA! Mota za gimbali zinajikaza zibaki mahali pake, yeye anazipinda. Skrini ikaandika gimbali imezidiwa mzigo. Akaniangalia, akasema: "Unaona? Dira hiyo."

Kisha akanirudishia akitangaza kwa wote: "Droni nzima kabisa. Mbovu ni aliyeshika rimoti." Watu wakacheka. Wengine mpo humu, meno yenu niliyaona.

Sasa nikipiga picha, kila taa inatoka na ukungu wa mate pembeni. Mnamheshimu kwa lipi huyu mtu?

SitiYaMbele:
Nimeshakaa. Sogeeni kidogo.

PropelaPinda:
Mkuu, mate tuyaweke kando. Mawimbi hayo hayahusiani na lenzi. Kihisi cha kamera hakichukui picha yote kwa mpigo mmoja, kinaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Droni ikitetemeka wakati kinasoma, mistari ya juu inakuwa mahali pengine na ya chini mahali pengine, ndiyo hayo unayoyaona. Kagua propela. Pitisha ukucha ukingoni polepole, hata mchuniko mdogo usioonekana kwa macho utausikia. Ukiukuta usijaribu kuinyoosha wala kuisugua, badilisha. Kisha tazama zile raba ndogo zinazoning'iniza gimbali, moja ikichomoka mtetemo wote wa mota unahamia kwenye picha.

MletaMoto:
Asante mkuu. Lakini pale kwenye kidole umepasoma?

PropelaPinda:
Nimepasoma.

MletaMoto:
Na umeona ni sawa?

Bibi_Lenzi:
Mleta uzi, nina swali la kizushi. Kile kiplastiki cha kuishika gimbali isicheze wakati wa safari, ulikitoa kabla ya kuwasha? Maana "gimbali imezidiwa mzigo" hiyo inaletwa na kiplastiki mara nyingi kuliko kidole cha mtu.

MletaMoto:
Swali hilo lina dharau ndani yake, sitalijibu.

SitiYaMbele:
Hakukitoa.

Kungurumo:
Hakukitoa 😂😂

Bibi_Lenzi:
Basi nimejibiwa. Weka droni mezani palipo sawa kabisa, kiplastiki pembeni, ingia kwenye menyu, sawazisha gimbali, usiiguse mpaka imalize kujitikisa. Upeo wa macho utakaa sawa. Ukibaki umelala kidogo, kuna sehemu ya kuurekebisha kwa mkono. Ukibaki umelala kabisa baada ya hapo, mkono wa gimbali umepinda, na mkono huo haupindi wenyewe tu, lazima kuna mahali uliangukia.

Kaka_Shati:
Wewe kidole unalia? Mimi mtu huyo huyo alinifutia lenzi kwa ncha ya shati. Shati la kazi! Lenzi ikatoka na mikwaruzo, na mimi nikamwambia ahsante mzee. Tangu siku hiyo kila nikirusha kuelekea jua naona uzi wa mwanga unakatiza fremu.

MletaMoto:
Shati ni kavu. Mimi nilipigwa mate.

Kaka_Shati:
Mate yanafutika. Mkwaruzo nitazikwa nao.

MletaMoto:
Kaka fungua uzi wako.

Antena_Bapa:
Hakuna aliyegusa suala la picha kuganda. Kwanza tofautisheni: picha ya kwenye simu ni ya kukuongozea tu, imebanwa ili ipite hewani. Video halisi inarekodiwa kwenye kadi ndani ya droni. Toa kadi, fungua kwenye kompyuta. Ikiwa huko haigandi, kamera haina kosa, shida ni mawimbi. Na hapo wengi mnajiroga wenyewe: mnailenga droni kwa ncha za antena. Ncha ndiko mawimbi yanakokuwa hafifu! Ubapa wa antena ndio uitazame droni. Kama eneo limejaa Wi-Fi, ondoka mawimbi ya GHz 2.4 uende 5.8, ila ukijificha nyuma ya ukuta au miti, 5.8 itakukimbia mapema zaidi.

Kungurumo:
Na kama skrini ni nyeusi tii tangu mwanzo, badilisha waya wa simu. Kuna nyaya zinapitisha chaji tu, data hazipitishi. Nilishawahi kutukana kiwanda kizima kwa sababu ya waya.

ZungukaMara2:
Kalibreti dira.

MletaMoto:
HUYOOOO! Mnaona? MNAONA?

ZungukaMara2:
Mimi ni mtu mwingine, natoa ushauri tu.

SitiYaMbele:
Akaunti imefunguliwa leo 😂

PropelaPinda:
Mwacheni bwana. Ingawa kusema kweli dira haiwezi kuleta mawimbi kwenye picha. Dira ikivurugwa na chuma, kwa mfano umerushia juu ya zege lenye nondo, droni inapoteza uelekeo, inaweza hata kuanza kuzunguka hewani. Hiyo ya kujiendea kushoto kuna vitu vya kuangalia kabla. Stiki za rimoti zisipotulia katikati, droni inadhani umeisukuma, kwa hiyo sawazisha stiki. Kisha vihisi vya mwendo, droni ikiwa imepoa na imekaa palipo sawa. Na ujue ulikuwa juu ya nini: kamera za chini hushika ardhi kwa macho, kwa hiyo ukiwa juu ya maji au gizani na satelaiti hazijatosha, upepo unaibeba tu.

ZungukaMara2:
Hayo yote ni dira.

Mnyonge_wa_Kadi:
Naomba nami nitoe la moyoni maana humu naona ni siku ya kusemana. Kuna muuzaji wa kadi, simtaji, mnamjua. Kadi imeandikwa GB 256, ina kila nembo ya kasi, V30, U3, inang'aa. Nimerekodi sherehe ya watu kutwa nzima. Nafungua: video za asubuhi zipo, zilizofuata zote ni majina matupu, ukibofya hakuna kitu. Ukubwa wa kweli wa kadi ulikuwa kijisehemu tu, uliobaki ulikuwa ni maandishi juu ya plastiki! Bi harusi ananipigia simu mpaka leo.

Bibi_Lenzi:
Pole sana. Kadi mpya ijaze kwanza yote mafaili ya majaribio, kisha uyafungue moja moja. Na uifomati ndani ya droni.

Kungurumo:
V30 mnaogopa bure, hiyo ni MB 30 kwa sekunde. Droni ya kurekodi Mb 100 kwa sekunde inahitaji MB 12.5 tu. Mb ni megabiti, MB ni megabaiti, gawa kwa 8.

Mnyonge_wa_Kadi:
Gawa kwa 8 halafu uje umweleze bi harusi.

MletaMoto:
Wakuu, turudi kwenye kidole.

Antena_Bapa:
Kidole gani?

MletaMoto:
...

Nahodha_Mkavu:
Kadi si kitu. Mimi nilirushia kwenye boti. Kuna mtu, hatajwi, aliniambia "ukipotea bonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, usihangaike." Nikabonyeza. Ikapanda kwa madaha, ikarudi mahali pale pale nilipoirushia. Boti ilikuwa imeshasonga mbele! Ikashuka kwenye maji taratibu, taa zote zinawaka, inajiamini.

PropelaPinda:
Hukusogeza alama ya nyumbani? Menyu inaruhusu kuihamishia ulipo, na kwenye boti hata hiyo haisaidii sana, unarudisha kwa mkono.

Nahodha_Mkavu:
Menyu gani nitafungua nami nipo mbioni kutafuta wavu?

SitiYaMbele:
Na betri ulifanyaje? Usije ukaichaji.

Nahodha_Mkavu:
Droni ipo chini kabisa ya maji mkuu, chaja yake ndiyo niliyobaki nayo.

Modi1_Damu:
Nyote mnapiga kelele lakini hakuna anayezungumzia kero kubwa kuliko zote: watu wa Modi 2 kuazima rimoti na kutoirudisha ilivyokuwa (modi ni mpangilio wa stiki ipi inafanya nini). Mimi kushoto ni mbele na nyuma, kulia ni kupanda na kushuka. Jamaa kabadilisha kimya kimya. Nikasukuma stiki ya kushoto iende mbele, ikapanda. Nikaivuta kurudi, ikashuka juu ya gari.

Kungurumo:
Modi 1 bado mpo?

Modi1_Damu:
Japani wamejaa, uliza.

Kaka_Shati:
Basi gari mlipe kwa Kijapani.

MletaMoto:
Modi 1 ni kujitesa bure. Kushoto kupanda na kuzunguka, kulia kwenda unakotaka, mtoto anaelewa.

Modi1_Damu:
Wewe ambaye droni yako inajiendea kushoto yenyewe ndiye wa kunifundisha stiki? Kiplastiki kwanza umekitoa?

MletaMoto:
Usibadilishe mada. Sema gari lilikuwa la nani.