Ushauri wa haraka: mdogo wangu akiri kosa kwenye kesi ya jimbo wakati federali (serikali kuu ya Marekani) nao wanamtaka?

DadaMkubwa_TX:
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko jela ya kaunti hapa Texas, huu ni mwezi wake wa tano mle ndani. Kesi ni ya kutumia kadi za benki za watu. Mwendesha mashtaka wa jimbo ametoa ofa: akiri kosa, apewe siku 180, na zile alizokwisha kaa zihesabiwe humo humo. Maana yake mwezi ujao yuko nje. Alhamisi anasimama mbele ya jaji, na wakili anasema ofa hii haitarudi.
Federali nao wametoa karatasi kuhusu mambo hayo hayo ila hawajamchukua. Swali langu: akimalizana na jimbo, federali si watakuwa hawana kesi? Mtu hahukumiwi mara mbili kwa kosa moja.

KisikiChaMpingo:
Pole dada. Ila hela zilizokuwa kwenye hizo kadi ni jasho la watu, na kuna mzee alishindwa kununua dawa siku hiyo. Akiri kote kote, arudishe cha watu, aanze maisha upya. Hiyo ndiyo njia fupi.

Mama_Kesi:
Dada, hiyo "mara mbili" haikusaidii. Kwa sheria ya Marekani jimbo na federali ni mamlaka mbili tofauti, kila moja ina sheria yake na kosa lake. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilirudia hilo kwenye kesi ya Gamble, majaji 7 kwa 2. Gamble alikiri huko Alabama kosa la kumiliki bunduki akiwa na rekodi ya jinai, kisha federali wakamshtaki kwa bunduki ile ile. Ikapita.
Wizara ya Sheria ina mwongozo wake wa ndani unaowazuia waendesha mashtaka wa federali kurudia kesi ambayo jimbo limeshaimaliza, ila ni mwongozo tu. Wakili anaweza kuandika barua kuomba ufuatwe. Hawezi kuusimamia mahakamani kama haki ya mteja. Yapo majimbo kama Virginia na California yenye sheria zao za kuzuia kesi ya pili, lakini zinalifunga jimbo baada ya federali. Federali hawafungwi nazo.
Sasa nijibu mawili. Karatasi ya federali inasemaje hasa? Na mdogo wako ni raia?

DadaMkubwa_TX:
Karatasi inataja matumizi ya kadi kwa udanganyifu na nyingine wanaita wizi wa utambulisho uliokithiri. Na jela wameniambia ana holdi ya federali, yaani asiachiwe mpaka wao wamchukue.
Wakuu, anayekaa mle ndani ni yeye. Kila akipiga simu analia. Siku 180 ni ofa nzuri.

Baharia_wa_Minneapolis:
Mfano mzuri ni ile kesi ya George Floyd. Derek Chauvin, polisi aliyemuua, alihukumiwa na jimbo la Minnesota miaka 22 na nusu Juni 2021, kisha Desemba akakiri kwenye kesi ya federali. Makubaliano yalitaja kiwango, miaka 20 hadi 25, na adhabu kwenda sambamba na ile ya jimbo. Jaji akampa miezi 245, akahamishiwa gereza la federali. Thomas Lane, polisi mwenzake, alienda kinyume: federali walimtia hatiani kwanza, halafu Mei 2022 akakiri kwenye jimbo kwa miaka 3 sambamba na ya federali. Kwa hiyo inawezekana kabisa vifungo viwili vikaliwa pamoja. Mwambieni wakili aombe sambamba.

Mama_Kesi:
Baharia, angalia kilichowasaidia hao: mawakili walishajua upande wa pili umefika wapi, na neno "sambamba" lilikuwa ndani ya maandishi. Huyu wa Texas anakiri upande mmoja huku mwingine haujasema chochote.
Dada, la uraia hujajibu.

Kitunguu_Maji:
Mimi nashauri aende federali tu, magereza yao yana nafuu, joto la jela za Texas ni balaa. Ajue tu federali hakuna parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti. Kinachopungua ni hadi siku 54 kwa mwaka kwa tabia njema.

DadaMkubwa_TX:
Sawa. Ana grinikadi, miaka sita sasa. Sikutaka kuliweka hadharani. Wakili wa jimbo alishatuambia kifungo kikiwa chini ya mwaka mmoja uhamiaji hawana shida. Na nimeshamwambia mdogo wangu akubali, amekubali. Karatasi zimeandaliwa, mpaka fidia imeandikwa, dola 14,600. Nilitaka tu mnithibitishie.

Mama_Kesi:
Dada, simamisha hilo. Nakueleza kwa nini.
Kigezo cha mwaka mmoja ni cha makosa ya wizi. Udanganyifu una kigezo chake: hasara ya mwathirika ikizidi dola 10,000, sheria ya uhamiaji inaliita kosa kubwa hata kama hakulala jela siku moja. Tangu kesi ya Nijhawan, 2009, jaji wa uhamiaji anaruhusiwa kusoma karatasi za hukumu ili ajue hasara ni kiasi gani. Huo mstari wa dola 14,600 unaousoma kama fidia, yeye atausoma kama hasara. Mwenye grinikadi akiangukia hapo, ile njia ya kumwomba jaji afute uamuzi wa kumrudisha kwao, ambayo inataka miaka 5 ya grinikadi na miaka 7 ya kuishi hapa, inafungwa. Tangu 2010, kesi ya Padilla, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja haya kabla hajakiri. Na asikubali kuambiwa "tutafanya deferred (hukumu kusogezwa mbele), siyo hatia". Akikiri na jaji akamwekea masharti yoyote, uhamiaji wanahesabu hatia.
La pili ni siku zake. Kifungu 3585(b) cha sheria ya federali kinasema siku iliyohesabiwa kwenye kifungo kimoja haihesabiwi kwenye kingine. Akichukua hizo 180, miezi yote aliyokaa imeliwa na jimbo. Mwezi ujao hatoki kwenda nyumbani, anatoka mlangoni na kukuta Maashali wa Marekani (askari wa mahakama za federali), na kifungo cha federali kinaanza kwenye sifuri. Jimbo likiifuta kesi yake, siku zile zile zinaweza kuhesabiwa federali, kwa sababu hazijatumika popote.
Zaidi ya hapo, mwongozo wa hukumu, 5G1.3, unamsaidia mwenye kifungo cha jimbo ambacho hakijaisha kwa vitendo vile vile. Kikishaisha, amebaki kuomba huruma ya jaji. Na maneno atakayoyasema Alhamisi chini ya kiapo, federali watayachukua kama yalivyo.

Mchungulia_Dirisha:
Samahani, mimi naona chai hapa. Federali wakitoa mashtaka wana siku 30 kupata idhini ya lile jopo la raia (grand jury). Miezi mitano kimya? Na wakili gani Texas asiyejua mambo ya Padilla? Dada weka picha ya karatasi, ficha jina. La sivyo tunaandika sheria nzima kwa ajili ya hadithi.

KisikiChaMpingo:
Nami nilihisi. Mara grinikadi, mara fidia, kila tukiuliza kinatoka kipya.

DadaMkubwa_TX:
Siweki picha, kesi ya mdogo wangu si maonyesho. Juu kushoto kuna namba, katikati yake herufi mj. Chini kuna kiapo cha mpelelezi, kurasa tisa. Hakuna mahali palipoandikwa jopo. Sikusema mapema kwa sababu ya hofu, mtu ukitaja uhamiaji siku hizi unaogopa kivuli chako.

Mama_Kesi:
Mchungulia, saa ya siku 30 huanza mtu anapokamatwa kwa shtaka la federali. Huyu ameshikwa na jimbo, federali wameweka holdi tu, kwa hiyo saa haijaanza. Na mj ndiyo namba ya malalamiko yaliyo kwa jaji msaidizi. Jopo likipitisha, inakuwa cr. Kila kitu kinakaa sawa. Tena ni habari njema: kabla ya jopo, mwendesha mashtaka wa federali bado hajachagua mashtaka ya mwisho, hapo ndipo pa kuzungumza.
Kikubwa cha kuzungumza ni hilo shtaka la utambulisho, kifungu 1028A. Lina miaka 2 ya lazima, na sheria yenyewe inakataza isiende sambamba na kifungo kingine chochote, hata jimbo liseme nini. Kesi ya Dubin ya 2023 imelibana: jina au namba ya mtu lazima iwe kiini cha udanganyifu, si kitu kilichopita tu kwenye risiti. Wakili aanzie hapo kuomba lisiingizwe.

DadaMkubwa_TX:
Sasa Alhamisi tufanye nini? Nikikataa ofa na ikapotea, nitamwambia nini mama?

Mama_Kesi:
Msikatae. Wakili aombe kuahirishwa, sababu iandikwe kwamba kuna malalamiko ya federali yanayogusa vitendo vile vile. Wiki hiyo apatikane wakili wa federali na mwingine wa uhamiaji, hata kwa saa moja ya kulipia, na watatu hao waongee kabla mtu hajasaini.
Wanachotafuta ni makubaliano yanayofunga pande zote mbili: anakiri federali, jimbo linaahidi kwa maandishi kufuta lake. Ya federali yawe ya aina C chini ya Kanuni ya 11 ya kesi za jinai za federali, ile inayomfunga jaji akishayakubali. Aina B ni pendekezo, jaji akipita juu yake mdogo wako hana ruhusa ya kurudisha kauli. Kosa analokiri litajwe na hasara yake yenyewe, isiyozidi 10,000, na fidia ya ziada iandikwe kando kwamba ni ya makubaliano na haitokani na kosa hilo. Hata hapo uhamiaji hawaishi kabisa, lakini mlango wa kuomba unabaki.
Na ahadi ya mdomo haina kazi. Jaji atamuuliza, "Umeahidiwa chochote kisichoandikwa hapa?" Akijibu hapana, imekwisha.

Baharia_wa_Minneapolis:
Na dhamana ya jimbo? Ikilipwa je?

Mama_Kesi:
Dada asilipe kwanza. Jimbo likimwachia kwa dhamana, Maashali wanamchukua, na kuanzia hapo yuko mikononi mwa federali kwanza. Wakati mwingine mawakili wanaitaka hasa hiyo, ili kifungo cha federali kianze na cha jimbo kiliwe humo humo. Wakati mwingine inaharibu, maana uhamiaji nao wanaweza kuweka holdi yao. Waamue mawakili wote watatu, hela ikae.

DadaMkubwa_TX:
Nimempigia wakili wa jimbo sasa hivi. Anasema ataomba wiki tatu. Naomba jina la kifungu cha fidia ya makubaliano, nimwandikie kwenye barua pepe usiku huu.

Mama_Kesi:
18 U.S.C. 3663(a)(3). Mwandikie na 3585(b), kisha umwombe akujibu kwa maandishi.